Kengele ya Kufukuza Dubu

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani mmoja Mkongo, kwenye mtaa wa Jules Street, nikisubiri suruali yangu. Akaingia dada mmoja na begi la mgongoni, kengele yake ndogo imeng'oka.

"Ishone ikae," alisema. "Naenda Japani. Milima iko karibu na Tokyo, unapanda asubuhi, jioni uko hotelini. Kengele inafukuza dubu."

Fundi akashona, akakata uzi kwa meno. "Sisi tulipokimbia vita kupitia milimani, mbuzi tuliwavua kengele ili tusisikike."

"Kwani na kwenu kuna dubu?"

"Hapana, madam. Watu."

Dada akaitikisa kengele sikioni, akaridhika, akaondoka.

Mhariri wangu gazetini alitaka niandike habari za matembezi ya milimani. Nimeandika.