Mama Geuza Aenda Kula Piza

Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wake wa ushonaji, na walimpa kwa haki. Umletee gauni la harusi lenye shanga mpaka miguuni, hatalitazama usoni. Atasema, "Geuza." Atalipindua bitana nje, avute mshono, akwaruze pindo kwa ukucha, ndipo aseme neno. Uso wa nguo, kwa maoni yake, ni porojo tu. Ukweli wa fundi uko ndani, kule ambako mteja hatazami. Basi akaitwa Mama Geuza, naye hakukasirika. Waliomkasirisha ni watu wasiouliza kitu.

Maana huyu mama alikuwa na maswali, jamani! Macho hayana pazia, na ya kwake hayakuwa hata na dirisha la kufunga. Aliwahi kumsimamisha fundi wa umeme juu ya ngazi amweleze waya mwekundu unakwenda wapi na kwa nini usiwe wa kijani. Daktari aliyempima macho aliulizwa maswali mengi kuliko aliyouliza yeye. Jibu moja tu ndilo lililomchoma: macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka, na hata kwa miwani, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi ungemshinda. Tangu siku hiyo nguo zote nyeusi za dukani zilishonwa na binti yake.

Na binti ndiye aliyeleta kizaazaa. Alikuwa mtoto wake wa pekee, amekulia chini ya meza ya kukatia nguo, na mama alishampangia maisha yote: duka lake, cherehani zake, wateja wake. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," mama alipenda kusema, na binti alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kushona. Kisha nje ya mji ikafunguliwa bustani ya michezo, na ndani yake mgahawa mpya wa piza wa Mtaliano mmoja. Binti akaenda kuomba kazi ya jikoni bila kumwambia mtu, akachukuliwa kwa majaribio. Mama alipojua, nyumbani ukaingia ule ugomvi mbaya zaidi, wa kimya, wa watu wanaopeana chumvi bila kutazamana. Mwisho binti akashindwa kuvumilia.

"Mama, majaribio yanakwisha," alisema. "Njoo ule nilichopika. Ukishakula, ukiniambia nirudi dukani, nitarudi. Wala sitanuna."

Mama Geuza alikubali upesi, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Angekula kwa adabu, angefuta mdomo, angesema, "Rudi." Basi.

Aliandamana na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, dereva wa basi la shule, mwanamke ambaye hata msibani hakukosa neno la kuchekesha. Njiani Mama Geuza alirudia methali yake ya mhunzi.

"Si ndiyo hiyo, wifi?" alisema dereva. "Mtoto yuko mbele ya tanuri kutwa nzima. Sasa unataka avukute vipi tena?"

"Wewe endesha."

Huko bustanini kulikuwa na vituko vya kumtosha mtu mwenye maswali mwaka mzima. Kulikuwa na gurudumu refu kupita nyumba, lenye vibanda vya rangi vikizunguka polepole. Kulikuwa na kale katreni kanakopanda kilima cha vyuma kwa kujikokota, halafu kanashuka kama kamesukumwa na adui, watu ndani wakipiga mayowe waliyoyalipia wenyewe. Mama Geuza alimwendea mwendeshaji wa katreni hako.

"Umeme ukikatika je?"

"Kanasimama, mama."

"Na watu?"

"Wanasubiri."

"Hata wakiwa vichwa chini?"

Mwendeshaji akaona wateja wengine wanasikiliza, akaomba radhi kuwa ana kazi. Mbele kidogo walikutana na dubu mkubwa wa manyoya, anayesalimia watoto kwa kuwapungia. Mama Geuza alimpa mkono, kisha akaugeuza mkono wenyewe kutazama mshono wa kiganja. Sauti ikatoka ndani ya dubu, "Mama, unanitekenya." Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Mgahawa ulikuwa karibu na bwawa la mashua za kupiga kasia. Ndani, dari ilipakwa rangi ya mbingu yenye mawingu, na kutani yalichorwa madirisha, na nje ya madirisha hayo ikachorwa kamba iliyoanikwa mashati. Mama Geuza alisogea akayachunguza mashati kama anataka kuyapima. Aligusa mzabibu uliotambaa juu ya mlango. Ulikuwa wa plastiki.

"Kila kitu humu ni cha uongo," alimwambia wifi yake walipoketi. "Dirisha la uongo, mzabibu wa uongo, mbingu ya uongo."

"Njaa yangu ni ya kweli. Kaa kitako."

Ila moto haukuwa wa uongo. Upande wa pili wa kaunta, mahali ambapo wageni wote waliweza kuona, palikuwa na tanuri la matofali lenye mdomo mpana, na ndani kuni zinawaka. Mbele yake alisimama binti, nywele zimefungwa kitambaa cheupe, ameshika ubao wenye mpini mrefu. Alimwona mama yake, akatabasamu nusu, akageukia kazi. Mama naye alijifanya anasoma orodha ya vyakula. Ukweli usemwe, hakuwa na hamu ya kula hata kidogo.

Mhudumu alikuja, akaulizwa ni nani aliyemshonea aproni yenye mfuko uliopinda, akajibu hajui, akaenda. Aliporudi alikuwa amebeba piza. Aliiweka katikati ya meza juu ya sinia la bati, na sahani mbili tupu pembeni. Nyanya zilikuwa zinachemka bado, jibini limeyeyuka na kuwa madimbwi meupe, na majani ya mrehani yamejikunja kwa joto. Ukingo ulikuwa umevimba, una mabaka meusi hapa na pale.

"Imeungua hii?" aliuliza wifi kwa sauti ya chini.

Mama Geuza alilivuta sinia karibu. Alikuwa ameitazama piza ile kama kazi iliyoletwa mezani kwake na mwanafunzi, na hapo mikono ikafanya ilichozoea, mwenyewe hakuiagiza. Alichukua sahani tupu akaifunika piza. Akabana sinia na sahani kwa viganja viwili. Akageuza.

Jibini la moto halina bitana. Nusu ya piza ilitua juu ya sahani, chini juu. Nusu nyingine ikateleza ikaenda zake. Nyanya zikaruka juu ya kitambaa cheupe cha meza, jani moja la mrehani likatua kwenye blauzi ya wifi, sinia likaanguka sakafuni kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Mtoto mmoja wa meza ya jirani akauliza kwa sauti kama na wao wafanye vile.

"Wifi," alisema dereva, akilibandua jani taratibu, "hata mimi basi langu sijawahi kulipindua hivyo."

Mama Geuza alitamani ardhi ipasuke. Lakini kabla hajaomba radhi, binti alishafika, ana unga hadi kwenye viwiko, macho yamejaa maji. Miaka yote ile dukani alikuwa ameona mama anavyogeuza kazi mbovu na kuisukuma pembeni bila neno, na mwanafunzi anajua maana yake ni kufumua yote.

"Hata hujaonja, mama! Hata kidogo! Ungeniambia tu nirudi, kuliko kunitupia mbele ya watu."

"Mwanangu, sikuitupa. Nilitaka kuona nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya kazi yako."

Mtaliano mwenyewe alikuwa amekuja, bwana mnene mwenye masharubu yaliyoingia unga, akidhani mteja amekuta nywele. Aliangalia meza, akamwangalia mama, akamwangalia binti. Binti alimweleza kwa aibu kuwa huyu ni mama yake mzazi, na kwamba ndivyo anavyotazama vitu. Bwana yule alikuna shingo.

"Na mimi hutazama chini," alisema kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Kila piza. Lakini, mama, mimi huinua ukingo kidogo. Siigeuzi nzima!"

Watu wa meza za karibu wakacheka, na hata Mama Geuza akajikuta anacheka, uso umemwiva. Kisha akavaa miwani, akainamia ile nusu iliyobaki kwenye sahani. Chini yake palikuwa pakavu, pa rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa, na vidoti vyeusi vidogo. Hapakuwa na pabichi wala palipoungua. Alipagonga kwa ukucha pakalia. Alijua kuwa mkono uliofanya kazi hii haukubahatisha, na kulijua hilo hakukumfurahisha, maana jibu alilokuja nalo lilianza kumkaa vibaya mdomoni.

"Nionyeshe inavyofanywa," alisema.

Wakamruhusu asimame kwenye kaunta, wifi yake nyuma akiwa amejifunga leso juu ya blauzi iliyochafuka. Binti akatoa donge la unga uliokandwa, akaliweka juu ya jiwe la kaunta, akaanza kulitandaza kwa vidole kutoka katikati kwenda nje. Machozi hayajakauka vizuri, lakini mikono ilikuwa imetulia.

"Kwa nini hutumii mti wa kusukumia?" aliuliza mama.

"Unatoa hewa yote, ukingo unakufa. Nilijaribu siku moja, bosi hayupo, nione kitakachotokea. Ikatoka ngumu kama soli."

"Na yale madonge mengine kule, mbona umeyafunika?"

"Yamelala. Donge lililokandwa sasa hivi ni kaidi, ukilivuta linajirudi. Ukiliacha lilale, linakubali. Lakini likilala kupita kiasi linachanika. Nilimuuliza bosi nitajuaje muda wake, akasema utazoea. Sikuridhika, mama. Nikawa naweka madonge sehemu tofauti, moja karibu na moto, moja dirishani, nayabonyeza, naangalia. Kumbe ni joto la chumba. Siku ya mvua linataka..."

Aliendelea. Aliongea huku anamwaga nyanya, huku anatawanya jibini, huku anaisukuma piza ndani ya tanuri na kuizungusha kwa ncha ya ubao. Alieleza kuni zipi zinatoa moshi mchungu, na kwa nini ukingo unapata mabaka, na jambo moja la hamira ambalo bado hajalielewa na linamnyima raha. Mama aliuliza, naye akajibu, na jibu likazaa swali, na hilo swali wakati mwingine lilikuwa la binti mwenyewe.

Mama Geuza alimsikiliza huyu mtu kana kwamba wamekutana leo. Dukani binti hakuwahi kuuliza kitu. Ukimwambia kata hapa, alikata. Ukimwambia fumua, alifumua. Mama alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba ana mtoto mtulivu, asiye na usumbufu, na siku zote hizo hakujiuliza, yeye muulizaji mkubwa, kwa nini mtoto wake hana hata swali moja. Jambo hilo lilimuuma hapo hapo, mbele ya tanuri, likamuuma sana.

Piza ya pili ilitoka. Binti aliinua ukingo kwa ubao, akamwonyesha mama chini yake, kisha akaiweka kwenye kaunta na kuikata vipande. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Haya, mama. Hujasema bado. Nirudi?"

Mama Geuza alitazama kuni zinavyopasuka. Akilini aliziona nguo nyeusi zilizokunjwa kwenye rafu dukani, na kile kiti cha binti yake kando ya dirisha.

"Usirudi," alisema.

Binti alikuwa amelingoja neno hilo kwa majuma mengi, lakini sasa alipolipata uso wake haukuonyesha furaha. "Na wewe je, mama?"

"Mimi nitakulilia kidogo. Baadaye nitazoea."

Akachukua kipande, akakipulizia, akala akiwa amesimama pale kwenye kaunta, jibini likimvutika kidevuni, na kulia akalia hapo hapo mbele ya wageni wote, wala hakusingizia moshi.