Mfua wa Saza

Tunduma imenifundisha kutomwamini mtu. Nauza mitumba karibu na mpaka, na kila noti inayoingia mkononi mwangu, iwe shilingi au kwacha, lazima niitazame kwenye mwanga hata kama aliyenipa ni mchungaji. Wateja wanaovuka kutoka Zambia huniita bamayo, yaani mama, kwa heshima, nami nawaitikia vizuri huku jicho langu likibaki kwenye mkono ulioshika blauzi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilipoanza kumchunguza babu yangu, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, sikuwa nimepatwa na kitu. Ndivyo nilivyo.

Yote yalianza pale shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alipotangaza kwamba mavuno ya kahawa yakiisha tutalijengea kaburi la babu kule Itaka. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu na msalaba wa mti uliokwisha kuliwa na mchwa. Mimi nikapewa kazi ya kuandaa maneno ya kuchorwa kwenye sementi.

"Wewe ndiye uliyesoma," shangazi aliniambia. "Weka jina la baba, na chini yake uandike kwamba alikuwa mhunzi."

Hadithi ya babu mhunzi tumekua nayo. Alikwenda Saza enzi za wazungu wa dhahabu, akafua chuma mgodini, akarudi Itaka na familia yake, akanunua shamba la kahawa ambalo mpaka leo linatulisha. Ushahidi ulikuwa fuawe yake ya kufulia chuma, kipande cha chuma kizito kilichochongoka upande mmoja, kilichokaa nyuma ya mlango wa shangazi kuuzuia usipigwe na upepo. Kila mgeni alionyeshwa. Sisi watoto tulikatazwa kuigongea chochote, na aliyethubutu kuisogelea na jiwe alichapwa. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza ni fuawe gani hiyo isiyotaka kugongwa.

Nilitaka kuandika na mwaka wa kuzaliwa, na shangazi hakuujua. Basi nikaenda kanisani kule Itaka kuomba vitabu vya zamani vya ubatizo. Karani wa kanisa, mzee aliyevaa sweta wakati wa jua kali, alinipima kutoka miguuni hadi kichwani.

"Ni mambo ya shamba?"

"Ni mambo ya kaburi, mzee wangu."

"Huwa yanaanzia kaburini," akasema, akaenda kuvileta huku akigeuka kuhakikisha sigusi kitu.

Sikumlaumu. Kwetu huku mtu hakurupuki tu kuuliza babu yake alizaliwa lini. Anayeuliza hivyo anatafuta mpaka wa shamba, na anayetafuta mpaka anatafuta ugomvi.

Mwaka wa babu sikuupata. Nilichopata ni ubatizo wa shangazi mwenyewe, aliyeletwa Itaka kubatizwa angali mchanga: jina lake, jina la mama, jina la baba, na mwishoni safu nyembamba ya kazi ya baba. Karibu ukurasa wote umejaa neno mkulima. Kwa babu paliandikwa: *mfua, Saza*. Nilifurahi kweli. Nikamwonyesha karani kama vile nimeokota kitu cha thamani, naye akafunga kitabu haraka akidhani nimeokota.

Furaha hiyo haikufika Tunduma. Nilikuwa nimeona jambo jingine kwenye ukurasa uleule, mistari michache juu ya babu. Baba wa mtoto mwingine aliandikwa, kwa mwandiko uleule na wino uleule: *mhunzi*. Sasa kama aliyeandika alilijua neno mhunzi, na akalitumia kwa mtu mwingine, kwa nini babu akamwandika mfua?

Nikaanza kuhesabu vidokezo kama ninavyofanya mzigo wa marobota ya mitumba unapofika umelegea kamba. Mhunzi gani haachi hata jembe moja? Shangazi anakumbuka kutumwa dukani kununua jembe, amewahi kusimulia mwenyewe. Nyumba nzima haina kisu, haina shoka, haina msumari wa babu. Na mfanyakazi wa mgodini, kwa mshahara wa siku zile, alinunuaje shamba kubwa kiasi kile? Jibu likaja lenyewe. Saza kuna dhahabu. Babu aliiba.

Nilipomwendea shangazi, nilikuwa nimeshamhukumu baba yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kama vile natania: "Shangazi, babu alitokaje Saza? Aliaga vizuri?"

Mkono wake uliokuwa ukichagua mchele ukasimama juu ya ungo.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Umetumwa na kaka zako. Wanataka shamba ligawanywe, wameona nimezeeka."

"Shangazi, nauliza tu."

"Kanisani ulikwenda kutafuta nini? Unadhani sikuambiwa?"

Akamwaga mchele wote sufuriani, pamoja na mawe yake, akaingia ndani. Nilikula wali ule nikiuma changarawe, na kila moja ilinithibitishia kwamba kuna kitu kinafichwa. Yeye alidhani nataka shamba, mimi nilidhani analinda mwizi, na tulikaa meza moja tukipeana chumvi kwa adabu.

Siku moja kabla ya kujenga, wakati ndugu walipokuwa kisimani na kwenye mchanga, niliambiwa nifagie nyumba. Nikafika nyuma ya mlango. Nikaiinua fuawe nifagie chini yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaigeuza.

Upande wa chini ulikuwa laini kama sahani. Hapakuwa na alama hata moja ya nyundo. Upande wa juu palibaki visiki viwili vifupi, mahali ambapo mpini ulivunjwa. Kila asubuhi kabla ya kupanga nguo mezani mimi huzinyoosha, na umeme ukikatika hutumia pasi ya mkaa. Mkono wangu ukakijua kile kitu kabla ya kichwa. Ilikuwa pasi, yale mapasi ya chuma kizima ya zamani ambayo hayawekewi mkaa ndani bali huwekwa juu ya jiko mpaka yapate moto.

Nikageuka, shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Iweke chini."

"Shangazi, hii ni pasi."

Nilingoja anikaripie. Akaketi juu ya ndoo aliyoipindua.

"Alikuwa anawafulia wazungu wa mgodi," akasema. "Mashuka, makaptula, na zile za ndani za wake zao. Mwanamume mzima. Watoto wa Saza walikuwa wanatufuata njiani wakifanya hivi," na akasugua ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayefua. "Tulipohamia huku nikaandikishwa shule. Mwalimu akauliza kila mtoto kazi ya baba yake. Nikasema, mfua. Akaniuliza, mfua nini?"

Akaitazama ile pasi. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

"Nikasema chuma. Ni neno moja tu, mwanangu. Nilidhani litaishia palepale."

Jumapili iliyofuata, alisema, mwalimu alimkuta babu nje ya kanisa, akavua kofia, akamsalimia kama mhunzi. Kwetu sisi Wanyiha mhunzi si mtu mdogo. Shangazi alikuwa ameshika mkono wa baba yake, akangoja amuumbue. Babu akasema, "Ndiyo, mwalimu." Walirudi nyumbani. Kesho yake akavunja mpini wa pasi, akaiweka nyuma ya mlango, na mgeni wa kwanza alipouliza ni nini akamwambia ni fuawe.

"Hakunichapa, hakuniuliza. Na alikuwa mtu anayependa shati lililonyooka, hata la shambani alikuwa analipiga pasi. Tangu siku ile mpaka tunamzika sikumwona tena na shati lililonyooshwa."

Nilisikia aibu iliyochanganyika na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani. Mtu alifua nguo za watu mpaka akanunua shamba, na mimi niliyesomeshwa kwa kahawa ya shamba hilo nilimwita mwizi. Nikamuuliza shangazi tuandike nini kaburini. Akainuka, akachukua ndoo yake.

"Andika unachotaka. Si umeshapata ulichokuwa unatafuta?"

Asubuhi fundi alipomaliza kusawazisha sementi nikampa karatasi. Nilikuwa nimeandika jina, na chini yake neno lilelile la kitabuni: *Mfua*. Lilikuwa la kweli, na halikumvua nguo mtu yeyote. Nilijiona mwerevu. Fundi akachora jina kwa msumari, akafika kwenye neno la pili, akasita.

"Mfua nini?"

Ndugu wote walikuwa wamesimama pale, na majirani, na wajukuu wanaojivunia babu mhunzi. Nikamtazama shangazi, na kusema kweli sikumwamini. Nilijua atasema chuma.

Aliangalia sementi, si sisi.

"Nguo," akasema.

Fundi akadhani hajasikia vizuri. Shangazi akasogea karibu na kaburi, akainama kidogo kama anayeongea na mtu aliyelala.

"Nguo, baba. Mwambie fundi aandike nguo."