Vidole Vinne Tangini

Wapo wanaodhani kwamba mashua ikishapandishwa nchi kavu na kufunikwa turubai, kazi imekwisha mpaka theluji iyeyuke. Jirani yangu Hjalmar Nyholm akimsikia mtu anasema hivyo hukohoa kikohozi kikavu, kile alichokuwa akiwakoholea manahodha kwa miaka thelathini na minane alipokuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha kisiwani kwetu. Kwake yeye mashua haifi baharini. Hufa Januari, imelala zake chini ya turubai, na ugonjwa huanzia tangini.

Ana miaka sabini na minne. Hakuna mkutano wowote wa chama chetu cha mashua uliomchagua kuwa mlinzi wa matangi, lakini kila Oktoba, siku ya winchi, mashua zinapovutwa nchi kavu, tunamkuta gatini na kijiti chake cha mti wa mreteni. Anaingia mashua moja baada ya nyingine bila hodi, anagonga tangi, anatega sikio. Likitoa mlio wa ngoma anakutazama kama mtu aliyekukamata ukiiba.

"Nusu tangi ni nusu kisima," husema. "Nafasi tupu haikai tupu. Usipoijaza wewe, atahamia usiyemwalika."

Na ni kweli, ingawa inaniuma kukiri. Juu ya dizeli panabaki hewa, na usiku wa baridi hewa ile hutoa jasho kwenye kuta za tangi. Matone yanateremka, yanazama chini ya dizeli, na pale maji na mafuta yanapokutana huota utelezi mweusi. Mei ukiwasha injini, utelezi unakwenda moja kwa moja kwenye kichujio. Ndiyo maana sisi wenye dizeli tunajaza kabla ya baridi. Hatujazi mpaka mdomoni, maana jua likirudi mafuta huvimba. Hjalmar hupima kwa mkono wake mwenyewe: vidole vinne vya nafasi, basi.

Mwaka mmoja nilijifanya mjuaji nikaiacha yangu nusu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mei injini ikazimika katikati ya mlango wa bahari, kivuko kikija, nami nikipunga shati. Hjalmar akaja kunivuta na mashua yake. Tulipofika gatini akafyonza mafuta kutoka chini ya tangi langu, akayatia katika chupa ya jamu, akabandika karatasi yenye jina langu, BIRGER, akaiweka kwenye dirisha la banda lake. Maji chini, utelezi katikati, dizeli juu. Ikakaa pale kiangazi kizima. Watoto wa wageni walikuwa wakiniuliza kama ni dawa.

Dirisha lile huwa na chupa zetu zote. Kila Mei huchukua kidogo kutoka kila tangi, na mwenye chupa safi hupita mbele ya banda akitembea taratibu, kifua mbele.

Tuna desturi moja pale kwenye pampu ya gatini. Ukishajaza, ukikaza kifuniko, unamwambia aliye nyuma yako, "Mpaka Mei." Naye anaitikia, "Mei." Ni hayo tu. Lakini sijawahi kumwona mtu akiondoka bila kuyasema, hata wale wasiosalimiana.

Mwaka juzi, siku ya winchi, Hjalmar alikuwa mbele yangu. Mashua yake inaitwa Alfhild, jina la marehemu mama yake. Ilipofika kwenye pampu haikusimama. Ikapita kwenda kwenye winchi.

"Hjalmar! Umeipita pampu, mzee!"

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nitajaza baadaye."

"Baadaye lini? Pampu inafungwa Jumatatu!"

"Birger," akasema bila kugeuka, "jaza yako."

Nikajaza yangu. Nilipokaza kifuniko hapakuwa na wa kumwambia. Jioni, Alfhild ilipokwisha kuwekwa juu ya magogo yake kando ya mashua yangu, nilikwenda kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kama mwizi. Mlio wa ngoma. Niliogopa, sitaficha.

Sababu niliipata dukani kutoka kwa mkewe, Gunnevi, tukiwa kwenye foleni ya mkate.

"Ni moyo," aliniambia. "Kuna kilango hakifungi vizuri. Watampasua Januari, hospitalini huko Turku. Amenikataza nisimwambie mtu, kwa hiyo wewe hujasikia."

"Hajajaza tangi, Gunnevi."

Alichagua mkate. "Najua," akasema. "Aliniambia kwamba mafuta ya kiangazi kijacho ni ya mtu mwenye kiangazi kijacho."

Lazima niseme kidogo juu ya Gunnevi. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa ameingia katika mashua ile mara tano, na mara zote tano alitapika kabla ya kuuona mnara wa taa. Huiita mama mkwe. "Mumeo yuko wapi?" "Yuko kwa mama mkwe, anamsugua mgongo." Hajui upande gani wa injini ni mbele, wala hajawahi kutaka kujua. Ila kwa jamu ya beri za mwituni hana mpinzani kisiwa kizima, na anajua hivyo, na ukimsifu anakuuliza kwa nini umechelewa.

Baridi ikaja, bahari ikaganda. Kila nilipopita gatini niliitazama Alfhild. Nilikuwa na madumu. Nilikuwa na nguvu. Ningeweza kumjazia na kumnyamazia. Nikajiambia tangi la mtu ni la mtu, halafu ikiwa... nikaacha kuimaliza fikra ile. Ukweli ni kwamba niliogopa kujaza mafuta ambayo huenda yasingewashwa.

Hjalmar alipona. Alirudi Februari amekonda, amekumbatia mto mdogo wa kukandamiza kifua akikohoa, na kile kikohozi chake kikavu kikawa kinamuuma mwenyewe. Tukacheka, naye akacheka, akaumia. Kuhusu mashua hakusema kitu. Madaktari walimwambia asiinue kitu kizito mpaka kiangazi.

Sasa nije kwenye ugomvi. Nina mtumbwi mdogo wa makasia, kazi ya mikono yangu, ambao kila Oktoba naupindua chini ya ubavu wa Alfhild ili ukingwe na upepo. Aprili, baada ya siku tatu za jua kali juu ya turubai jeusi la Hjalmar, nilikwenda kuutazama. Harufu ilinipokea kabla sijafika. Kutoka kwenye tundu la kupumulia la tangi la Alfhild dizeli ilikuwa inadondoka, tone, tone, juu ya mgongo wa mtumbwi wangu niliokuwa nimeupaka vanishi tabaka saba.

Nilimwaga unga wa mbao, nikatega ndoo, kisha nikaenda jikoni kwa Hjalmar bila kuvua viatu. Kwetu hilo peke yake ni tusi.

"Mashua yako inatapikia mtumbwi wangu!"

Hjalmar alikuwa anakunywa kahawa. Gunnevi alikuwa kwenye sinki.

"Tangi langu ni nusu," Hjalmar akasema polepole. "Tangi nusu haliwezi kutapika."

"Basi njoo ulieleze wewe, maana mimi halinisikii!"

"Viatu, Birger," Gunnevi akasema, bila kugeuka.

Tukaenda watatu, Hjalmar na mto wake, Gunnevi na vazi lake la jikoni chini ya koti. Hjalmar aliona matone, akasimama. Akachukua kijiti cha mreteni kilichokuwa kimening'inia msumarini kwenye banda lake tangu Oktoba, akagonga tangi kupitia ubavuni. Mlio mzito, kama kugonga gogo. Akagonga tena. Kisha akaniamuru nipande ngazi nifungue kifuniko.

Mafuta yalikuwa mdomoni kabisa. Hapakuwa na hata nafasi ya ukucha. Na pembeni ya kifuniko, chini ya turubai, nilikuta faneli ya shaba.

"Hii nini?" nikauliza, nikiiinua.

"Lete," Gunnevi akasema. "Nimeitafuta tangu Januari. Ya jamu hiyo."

Hjalmar akamgeukia mkewe.

"Wewe?"

"Nani mwingine? Mama yako hawezi kujilisha."

"Lini?"

"Siku ile walipokupasua." Alianza kuifuta faneli kwa vazi la jikoni, kwa nguvu, kama ina dhambi. "Walisema watapiga simu saa kumi jioni. Nimekaa na simu tangu saa mbili asubuhi, nimeshafua, nimeshaoka, mkate umeungua. Nikasema nikikaa hapa nitakufa mimi kwanza. Nikachukua madumu na ile sleji ya barafuni ya kusukuma kwa mguu, nikaenda kituo cha mafuta kijijini. Safari tano."

"Safari tano? Na ngazi umeipanda na madumu? Kwenye barafu? Gunnevi, una miaka sabini na moja!"

"Dumu nililivuta kwa kamba. Na usinipigie kelele, utapasua nyuzi."

Mimi nilikuwa bado juu ya ngazi, sijui niangalie wapi. Nikasema la kijinga. "Lakini Gunnevi, vidole vinne! Kila mtu kisiwani anajua. Unaacha vidole vinne!"

Akanigeukia mimi, si mumewe, na sauti ikambadilika.

"Nilijua. Miaka arobaini na sita nasikia vidole vinne. Lakini yeye si ndiye anayesema nafasi tupu haikai tupu, ataingia usiyemwalika? Basi siku ile sikutaka kuacha nafasi. Hata ya kidole kimoja. Nilimimina mpaka likakataa, nikakaza kifuniko, nikasema 'Mpaka Mei' kwa sauti, peke yangu chini ya turubai kama mwendawazimu. Halafu simu ikalia mfukoni."

Hjalmar aliuweka mto wake juu ya mtumbwi wangu, palepale kwenye dizeli, akamkumbatia mkewe kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. Mimi nilikaza kifuniko. Kisha nikakumbuka kwamba kinatakiwa kufunguliwa, nikafungua tena, nikapunguza mafuta kwa pampu ya mkono mpaka vidole vinne, vyangu safari hii, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

Mtumbwi nimeusugua mara mbili. Bado unanuka, na nimeacha kuusugua.

Mei ilipofika Hjalmar alichukua sampuli zetu kama kawaida, akikaa kwenye kiti huku mimi nikifyonza, akinikoholea. Chupa ya Alfhild ilitoka safi kuliko zote, rangi ya chai nyepesi, bila tone la maji chini. Kila mwaka chupa hiyo huandikwa NYHOLM. Safari hii alichukua karatasi, akaandika polepole kwa ile mikono yake ya fundi, akabandika, akaisukuma katikati ya dirisha mahali jua linapopiga. Imeandikwa GUNNEVI.

Mwenyewe alipopita siku hiyo kwenda dukani alisimama mbele ya dirisha, akaisoma. Kisha akaendelea na safari yake, taratibu, kifua mbele.