Ukuta wa Jiko la Mama

Mpaka leo sijui: mama alikuwa akiifuta michoro yangu, au akiniandalia mahali pa kuchora? Jana, hapa Ipuli, jirani alikuwa akisiriba nyumba yake, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha kwenye ukuta wa jiko letu la nje. Kila siku niliuchora kwa mkaa. Kila Jumamosi mama aliusiriba upya.

"Ng'ombe gani huyu, mwanangu? Ana miguu ya meza!" alicheka, kiganja chenye udongo kikimpitia.

"Mama, usimfute!"

"Utachora mwingine."

Alipofariki, nikiwa bado mtoto, hakuna aliyeusiriba tena. Ng'ombe wa mwisho alibaki ukutani, nami nikaacha kuchora.

Jana niliamua kuanza upya. Leo asubuhi, kabla ya chai, nimechora kiganja cha mama. Vidole vimenishinda.