Mkeka wa Kalala

Mama Odile alikuwa msomaji wa masomo katika parokia yetu ya Kolwezi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kumaliza kilio: mjane akishaoga na kuinuka mkekani, Odile alisoma zaburi ya yule aliyevuliwa gunia na Mungu akavikwa furaha, na wanawake wakacheza. Kabla ya hapo mjane haondoki. Akiondoka, marehemu huhesabiwa kuwa hakuliliwa.

Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, rafiki yake Bilonda alilala majuma mengi nje ya stesheni, chini ya turubai, na mumewe Kalala, fundi wa redio, na watoto. Kuhara kukamchukua Kalala. Kilio kikiwa bado kibichi, treni ikaingia.

"Mi siendi," Bilonda alisema, ameketi palepale mkekani. "Kilio haiyaisha."

"Treni ingine itakuya lini? Unataka tuzike na batoto?" akauliza Odile, aliyekuja kuwaaga.

Bilonda aliushika mkeka kwa mikono miwili.

"Nipe mukeka," Odile akasema. "Mi nitaikala pa fasi yako."

"Weye? Bantu ya kwenu batakuona."

"Baone."

Bilonda akainuka polepole. Mlangoni hapakupitika kwa msongamano; Odile alimsukuma ndani kupitia dirisha la behewa, kisha akampitishia watoto.

Nyumbani aliutandika mkeka uani, akaketi. Hakupika, hakuchana nywele. Jirani yake, Mukalay, akachungulia.

"Mama Odile! Unalilia badudu?" Ndivyo watu wa Kasai walivyoitwa siku hizo.

"Nalilia fundi wa radio yako, tata. Ileile inakufundisha kutukana."

Mukalay akaenda zake. Lakini wengi waliacha kumsalimia, na bombani dumu la bintiye lilisukumwa nyuma kila mara.

Siku ya kumaliza, Odile alioga. Wanawake wachache walikuja, wakasimama karibu na lango. Akafungua zaburi, akasoma habari za machozi ya usiku, na za mtu aliyekaribia kaburi. Alipofika mahali pa kucheza, akanyamaza. Wanawake wakangoja.

Akafunga kitabu.

"Kilio ya Kalala imeisha," alisema. "Hapa pa furaha ni pa Bilonda. Atasoma yeye mwenyewe."

Akaufua mkeka, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango.

Hakuna msafiri aliyewahi kumletea habari za Bilonda. Masomo mengine Odile husoma mpaka leo. Zaburi ile humwachia mwingine na kutoka nje.