Katuni Isiyosema Kitu

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga na shati moja la kubadilisha, bila kujua nitalala wapi. Mchana ulinikuta mtaa wa Jericho, katika ukumbi wa wakazi. Madirisha yalizibwa kwa blanketi, na watu walikuwa wakitazama katuni ya wanyama wa shamba. Mzee aliyezoea kuwatafsiria sinema za Kiingereza alisimama kando akitazama tu.

"Mzee, tafsiri basi," mtu akamtania.

"Nitafsiri nini? Kondoo hawajasema kitu."

Mimi niliwaelewa vizuri. Nikasimama, nikampa bata sauti ya mama mwenye nyumba akikagua vyumba, na kondoo sauti za wapangaji waliomficha mgeni. Ukumbi mzima ukacheka hadi mwisho.

Mlangoni mama mmoja mwenye buibui akanizuia. "Huyo bata umemtoa wapi? Wapangaji wangu wote walikuwa wananigeukia mimi wakicheka."

"Samahani, mama. Hata kwako sipajui. Sina pa kulala leo."

Alinitazama, kisha akacheka. "Njoo. Kuna chumba uani. Lakini wageni, hapana."

Nikamfuata.