Mto Uliohama

Jumatano moja nilikuwa nafundisha darasa la sita habari za wilaya yetu ya Kilosa. Magharibi kuna milima inakoanzia mito; mashariki, tambarare ya Mkata; kusini, Mikumi na hifadhi yake. Nilieleza jinsi Wajerumani walivyoleta reli, jinsi mashamba ya mkonge yalivyovuta watu kutoka kila upande wa nchi, na jinsi wafugaji walivyokuja baadaye na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Watoto wa watu wote hao walikuwa wamekaa mbele yangu. Nashipai, binti wa Mzee Lesika, mfugaji, ndiye pekee aliyeweza kuitaja mito yote bila kutazama daftari.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Tindiga. Jina lake naliacha, maana waliobaki bado wanaishi pamoja. Serikali ya kijiji ilikuwa inatenga maeneo ya kilimo na ya malisho, na mimi, kwa kuwa nafundisha jiografia, niliombwa kuchora ramani. Aliyeniomba ni mdogo wangu Shabani, mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, kijijini Chanzuru. Alinifuata huku, akapata shamba, akaoa.

Niliweka mpaka mtoni: ng'ambo ile wafugaji, ng'ambo hii wakulima.

Mzee Lesika alikuja shuleni kuiona. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu.

"Mwalimu, mto huu ulihama mwaka wa mafuriko," alisema. "Tulipokubaliana na wazee wenu, ulikuwa unapita huku, karibu na shule. Ukichora hapa, eneo lote la katikati limekwenda kwa wakulima. Na ndiko tunakonyweshea; ukingo wa ng'ambo ile ni mkali mno, ng'ombe huvukia kivukoni wakanywa upande huu."

"Mzee, mimi nachora kilichopo."

"Na kilichokuwepo kitachorwa wapi?"

Kengele ilikuwa imeshagongwa na nilikuwa nimechoka. Nilimwambia akaseme mkutanoni. Alikwenda, akasema, akazomewa. Ramani ikagongwa muhuri.

Mvua ziliponyesha, watu walilima eneo lile hadi ukingoni. Shabani alipanda mahindi. Jua lilipokaza ng'ombe wakashuka kunywa maji, na njia yao ilikuwa katikati ya mahindi. Tulianza na matusi. Kisha mchungaji mmoja alipigwa hadi akavunjika mkono. Ng'ombe wakakatwa mapanga. Halafu mkulima akakutwa amekufa shambani kwake, na jeraha la mkuki ubavuni.

Jumatatu asubuhi, tukiwa mstarini shuleni, tulisikia filimbi na mayowe ya wakulima wakiitana.

Wazazi walikuja mbio kuchukua watoto wao. Wa wafugaji hawakufuatwa na mtu. Walikuwa watano, Nashipai akiwemo.

Niliwaingiza stoo ya vitabu. Nikafunga mlango, nikasimama nje.

Kundi lilifika na mapanga na mishale. Shabani alikuwa mbele.

"Dada, tupishe. Tumeambiwa wamo humu."

"Humu mna vitabu vya wanafunzi wangu tu."

Ndani, Nashipai akakohoa.

Shabani alinitazama. Alikuwa amesikia, alikuwa amesimama karibu kuliko wote.

"Hakuna mtu humu," aliwaambia wenzake. "Twendeni mtoni."

Wakaenda.

Sikumwita. Nilishukuru tu kwamba wameondoka.

Polisi walifika mchana kutoka mjini Kilosa. Nilikwenda mtoni na wanawake wengine. Shabani alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, amechomwa mkuki mgongoni. Hatua chache kutoka kwake alilala Mzee Lesika, shingo imekatwa, fimbo bado mkononi. Niliinua kichwa cha mdogo wangu nikampangusa tope kwa kanga. Mzee sikumgusa. Niliogopa watu wangenionaje.

Familia za wafugaji ziliondoka siku iliyofuata. Mjane wa Shabani alirudi kwao Magomeni, na hadi leo hatuzungumzi. Baadaye wapimaji walikuja na vyombo vyao, wakaweka alama za zege pale pale mzee alipotuambia. Wakasema eneo la katikati lisilimwe. Hakuna aliyepinga.

Nilipostaafu nilihamia Mikumi. Mwaka jana mwanamke mmoja, muuguzi, alipiga hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Sikumtambua mpaka aliposema jina lake: Nashipai.

Nilimkaribisha ndani. Alikaa bila kuegemea kiti. Aliuliza afya yangu, nikauliza ya mama yake, akasema alishafariki. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Baba aliuawa na nani?"

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo mtoni."

"Kaka yako alikuwepo?"

"Alikuwepo. Walikutwa karibu karibu."

Nilidhani ni haki yake kujua na lile jingine, nikamweleza jinsi Shabani alivyosimama mlangoni.

"Alijua tumo ndani?"

"Alijua. Alikusikia ukikohoa."

Nilitegemea hilo lingempa faraja. Miaka yote mimi limenipa faraja, kidogo.

"Kwa hiyo aliniacha mimi," alisema polepole, "akaenda kwa baba."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliinuka, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaaga kwa heshima zote. Hospitali anakofanya kazi iko karibu na kwangu. Hajarudi.